Maswali Yenu: Programu ya C kwangu inakubali, kwa jirani inagoma

Safari hii meseji zimeingia nyingi na karibu zote zinalia kitu kimoja, mtu kaandika kiprogramu chake cha C au kakishusha mahali, kwenye mashine yake kinakompaili (yaani kodi inageuzwa kuwa programu ya kuendeshwa) fresh, kikihamia mashine ya pili kinagoma. Nimechagua machache na nimeyafupisha maana wengine mnaandika kama barua ya posa. Ombi moja tu kabla hatujaanza, ukituma swali tuma na maneno ya kosa lenyewe kama yalivyotoka, na tuma la KWANZA sio la mwisho, maana kosa la kwanza ndo lenye habari na hayo mengine thelathini ya chini mara nyingi ni watoto wake.

SWALI: Shikamoo mtaalamu. Nasoma mwaka wa pili, naishi Kijitonyama. Nimeandika programu ya kupiga hesabu ya nyakati za sala hapa Dar, inatumia sin, cos na acos. Niliianza kwenye Mac ya rafiki yangu ikakubali. Kurudi kwenye Ubuntu yangu inasema undefined reference to `sin' na nyingine za hivyo hivyo. #include <math.h> nimeweka. Cha ajabu, nilijaribu kiprogramu kingine chenye sqrt(2.0) tu, hicho kikakubali bila shida. Nimechanganyikiwa. (Mwanafunzi, Kijitonyama)

JIBU: Marahaba mdogo wangu. Angalia mwanzo na mwisho wa hayo maneno uliyotumiwa na mashine, nina uhakika kuna /usr/bin/ld mwanzoni na mwishoni kuna collect2: error: ld returned 1 exit status. Huyo anayelalamika sio kompaila, ni linka, yule anayeunganisha kodi yako na laibrari. Kompaila imemaliza kazi yake vizuri kabisa, imesoma math.h ikaambiwa kwamba ipo fanksheni inaitwa sin inapokea double na kurudisha double, basi, ikaamini ikaendelea. Fanksheni yenyewe inakaa kwenye laibrari ya hesabu, libm, na kwenye Linux ya kawaida hiyo hailetwi mpaka uitaje:

cc -o sala sala.c -lm

Na hiyo -lm iweke MWISHO, baada ya faili lako. Linka inasoma kushoto kwenda kulia, na kwenye Ubuntu ukiitaja libm kabla hata hakuna anayeihitaji inaona haina kazi inaiacha, alafu inafika kwenye sala.c inakuta sin inadaiwa na hakuna wa kulipa. Kwenye Mac haikusumbua kwa sababu Apple wameiweka libm ndani ya laibrari moja kubwa ya mfumo, libSystem, ambayo kila programu inalinkiwa nayo utake usitake. Alpine (Linux nyingine, ndogo) nako hali ni hiyo hiyo, hesabu zote zimo ndani ya libc yao (laibrari kuu ya C), musl. Ila ukiweka -lm kote huko hakuna anayegomba, kwa hiyo iache tu kwenye amri yako siku zote.

Sasa ile sqrt(2.0) yako ndo tamu. Namba 2.0 umeiandika mwenyewe kwenye faili, kwa hiyo gcc inaiona pale pale wakati wa kukompaili, inapiga hesabu yenyewe, inapata 1.414 na kitu, inaandika jibu ndani ya programu, sqrt haiitwi kabisa na linka haina cha kutafuta. Badilisha usome namba kwa scanf alafu uipe sqrt, utaona inaanza kulia kama mwenzake.

Mawili ya haraka kwa kuwa najua utayakuta mbele. sin inataka radiani, kwa hiyo latitudo ya Dar ambayo ni kama -6.8 (kusini ni hasi) izidishe kwa pai ugawe kwa 180 kwanza. Na kama mwalimu kawaambia mkompaili na -std=c99, kwenye Linux utaambiwa M_PI undeclared, maana C yenyewe ya 1999 haina M_PI, ile ni nyongeza ya upande wa Unix na -std=c99 inazificha nyongeza. Tumia -std=gnu99 au jiandikie #define ya pai yako mwenyewe, mimi napenda ya pili, inakwenda kila mashine.

SWALI: Mkuu mambo. Laptopu yangu ya mtumba nimeweka Ubuntu, bando langu la kuungaunga. Kila maelekezo yanasema niinstoli build-essential, naangalia apt inataka kushusha vitu kibao. Hakuna njia ya mkato? (Mdau wa Mbagala Rangi Tatu)

JIBU: Poa sana mkuu. Njia ipo. build-essential ni fungu, inakubebea na kompaila ya C++ na vifaa vya watu wanaotengeneza pakeji za Debian, wewe wa C tupu huvihitaji. Fanya hivi:

sudo apt install --no-install-recommends gcc libc6-dev make

Kabla ya kuanza itakwambia inashusha MB ngapi, ukiona zinakuzidi unabonyeza n unaondoka zako salama. libc6-dev usije ukaiacha, ukiiacha utaambiwa hata stdio.h haipo. Kama hiyo nayo nzito kuna tcc, kompaila ndogo aliyoanzisha Fabrice Bellard, huyo huyo aliyeanzisha FFmpeg na QEMU, kenyewe ni kadogo kweli kweli na kanakompaili chap chap, na ukiandika tcc -run hujambo.c inaendesha papo hapo bila kukuachia faili lingine. Kodi yake haina kasi kama ya gcc ila kwa kujifunzia inatosha na kubaki (libc6-dev bado utaihitaji).

Ama umtafute rafiki mwenye Wi-Fi na Ubuntu ya toleo lile lile la kwako, naye awe hajaziinstoli bado, aandike sudo apt-get install -d na majina hayo hayo. -d ni kushusha tu bila kuinstoli. Mafaili ya .deb atayakuta /var/cache/apt/archives, anakuwekea kwenye flashi, wewe kwako unaingia kwenye foda hilo unaandika sudo apt install ./*.deb na bando lako halijaguswa.

Walioko kwenye mifumo mingine: Fedora ni sudo dnf install gcc make, Alpine ni apk add build-base, Mac ni xcode-select --install (usiende kushusha Xcode nzima, hiyo itamaliza bando la ukoo mzima), Termux (Linux ya ndani ya simu ya Android) ni pkg install clang make. FreeBSD ya kawaida kompaila inakuja nayo, andika cc tu.

SWALI: Nimeandika programu ya kwanza nikaiita test. Nikikompaili haisemi kitu, nikiandika test napiga Enter haitokei kitu pia. Hamna kosa, hamna jibu. (Anayeanza, Ubungo)

JIBU: Programu yako nzima, ila hujaiendesha hata mara moja. test ni amri ya Unix yenyewe, tena shell nyingi wameijenga ndani kabisa, inafanya kazi yake kimya inaondoka. Andika ./test, hiyo nukta na mkwaju inamaanisha hii ya hapa hapa kwenye foda nililopo, maana Unix haitafuti programu kwenye foda ulilopo mpaka uiambie. Au ibadilishe jina.

SWALI: Habari za kazi. Mimi natunza hesabu za kikoba chetu Tabata. Mdogo wangu aliniandikia programu ya C inasoma faili la michango herufi moja moja, inachapa majina na kutoa jumla mwishoni. Kwenye laptopu yake inamaliza vizuri. Laptopu kaondoka nayo Dodoma, nikaihamishia kwenye simu kwa Termux. Kwanza ilinikatalia, Permission denied. Nikahangaika ikakubali, ila sasa haimalizi! Inachapa wanachama wote alafu inaanza kumwaga vialama vya kuuliza ndani ya almasi nyeusi, mfululizo, mpaka nazima simu. Kipande chenyewe ni hiki:

char c;
while ((c = getchar()) != EOF) {
    putchar(c);

(Mama wa kikoba, Tabata)

JIBU: Salama kabisa dada, na pole. Kwanza usiwe unazima simu, kwenye Termux kitufe cha kupunguza sauti kinafanya kazi ya Ctrl, kishikilie ubonyeze c, programu inakufa yenyewe.

Tatizo liko kwenye neno moja, hilo char la mstari wa kwanza. Mwambie mdogo wako aandike

int c;

na imekwisha. Ila ngoja nieleze maana hili limewaliza wengi wanaotoka laptopu kwenda simu au Raspberry Pi. getchar hairudishi char, inarudisha int, kwa sababu ina mambo mawili ya kukwambia, ama nimesoma baiti na thamani yake ni kati ya 0 na 255, ama faili limeisha, na la kuisha inalisema kwa namba iliyo nje ya hizo, EOF, ambayo kwenye mifumo hii yote tunayoongelea ni -1. Sasa ukiichukua -1 ukaibana ndani ya char inategemea char ya mashine hiyo ikoje. Laptopu ya Intel au AMD char yake inabeba alama, inakwenda -128 mpaka 127, kwa hiyo -1 inabaki -1 na kitanzi kinasimama. Simu yako ni ARM, na kwenye Linux na Android za ARM char haina hasi, inaanzia 0 mpaka 255, kwa hiyo -1 inageuka 255. Alafu programu inauliza, je 255 ni sawa na -1? Hapana. Endelea. Je 255 ni sawa na -1? Hapana. Endelea. Mpaka betri iishe. Na hizo almasi ndo hiyo baiti ya 255 inachapwa, teminali haijui ni herufi gani inakuwekea alama ya kuuliza.

Wala sio kwamba simu imekosea, viwango vya C vimemwachia kila mtengeneza kompaila achague mwenyewe char iwe na alama au isiwe nayo. Na msiseme ni ARM zote, Mac mpya za Apple ni ARM lakini char yao ina alama, huko programu yenu ingekubali.

Mdogo wako akibisha kwamba kwake inakubali, mwambie aikompaili hapo hapo kwenye laptopu yake na gcc -funsigned-char, ataiona hiyo mvua ya almasi kwa macho yake. Na hata bila hivyo kwake bado ni bovu, likitokea faili lenye baiti ya 255 katikati programu itadhani ndo mwisho na itaacha michango ya chini bila kuijumlisha, sema tu maandishi ya UTF-8 hayatumii baiti hiyo kabisa ndo maana hajawahi kukutana nayo.

La Permission denied: sehemu ya /sdcard, ambako ndo kuna Download na picha zako, Android hairuhusu kuendesha programu kutoka pale hata ufanye chmod mara ngapi. Hamisha faili la .c nyumbani kwa Termux ukompailie huko:

cp /sdcard/Download/kikoba.c ~/
cd
clang -Wall -Wextra -o kikoba kikoba.c
./kikoba < michango.txt

(michango.txt nayo ihamishe kwa cp hivyo hivyo.) -Wall na -Wextra ziacheni zikae, ndo zinazowasha maonyo, na kosa kama hili mara nyingi zinalinusa mapema. Na kama simu ni ya zamani ya biti 32, jumla ya pesa iwekwe kwenye long long sio long, maana kwenye biti 32 long inaishia bilioni mbili na kidogo, sisemi kikoba chenu kimefika huko, lakini Mungu akijalia.

SWALI: Nimekompaili kwenye Ubuntu 22.04 nikampelekea jamaa yangu Posta kwa flashi, ofisini kwao wana Ubuntu 20.04. Kwake inasema version `GLIBC_2.34' not found. Mkuu, programu yenyewe inachapa jina langu tu! Sijatumia kitu chochote cha kisasa. (Fundi wa Temeke)

JIBU: Hujatumia wewe, katumia mwenzako kwa niaba yako. Kabla main yako haijaanza kuna fanksheni ya glibc (libc ya Ubuntu na Linux nyingi) inaitwa __libc_start_main ndo inayoiita, na glibc 2.34 iliyotoka Agosti 2021 waliunganisha laibrari ya nyuzi, libpthread, ndani ya libc yenyewe, na kwenye toleo hilo hilo hiyo fanksheni ya kuanzia ikapewa namba mpya ya toleo. Ubuntu 22.04 ina glibc 2.35, kwa hiyo kila programu inayokompailiwa hapo, hata ya mistari mitatu, inaondoka na muhuri wa 2.34. Ubuntu 20.04 ina 2.31, inausoma muhuri inasema huyu simjui. Angalia ya kwako kwa ldd --version.

Kinyume chake hakina shida, kilichokompailiwa 20.04 kitakimbia 22.04 vizuri tu, glibc inatunza sana ya zamani. Kwa hiyo ukitaka kugawa bainari (programu iliyokwisha kompailiwa), kompailia kwenye mfumo mzee kuliko yote ya unaowapelekea. Au uweke -static, laibrari yote inaingia ndani ya programu, faili linanenepa lakini linajitegemea. Angalizo tu, ukianza kutumia mambo ya mtandao kama getaddrinfo, glibc hata kwenye -static bado inataka laibrari zake za nje wakati wa kukimbia, na linka itakuonya.

Kuna na kaka zake hili tatizo nayaweka hapa hapa msije mkaniuliza mwezi ujao. Ukipeleka bainari ya Ubuntu kwenye Alpine inasema not found, na faili unaliona kwa ls liko pale linakutazama! Kisichopatikana sio faili lako, ni kile kipakizi cha kuianzisha programu kilichoandikwa ndani yake, /lib64/ld-linux-x86-64.so.2, Alpine hawana hicho kwa sababu wao ni musl. Ukipeleka ya laptopu kwenye Raspberry Pi utapata Exec format error, huyo ni prosesa mwingine kabisa, hakuna cha kufanya zaidi ya kuikompaili upya huko. Andika file na jina la programu itakwambia imetengenezewa wapi.

Lakini kusema ukweli mimi kwa kiprogramu cha kuchapa jina ningempelekea faili la .c lenyewe, ni KB mbili, akompaili kwake kwa amri moja na mambo yote haya tusingekuwa tunayaongea.

SWALI: Jamaa kanitumia Makefile (lile faili la maelekezo ya kukompaili kwa make) kwa WhatsApp, nimeinakili nikaibandika, Linux inasema missing separator. Stop. Nikaja kupata faili lenyewe kwenye flashi, Linux sa hivi inakubali, ila mashine yangu ya FreeBSD inasema Need an operator kwenye mistari yenye ifeq na endif. Sasa tatizo ni Makefile au ni mimi? (Mpenda mifumo, Sinza)

JIBU: Ni vitu viwili tofauti. La kwanza ni Tab. Mistari ya amri ndani ya Makefile lazima ianze na Tab halisi, nafasi nane hazikubaliki hata zikifanana kwa macho, na maandishi yakipita kwenye meseji na kunakiliwa mara nyingi Tab inageuka nafasi. Huo ni urithi wa 1976, make ilipoandikwa na Stuart Feldman kule Bell Labs, inasimuliwa kwamba alipoona hiyo Tab ni kero alikuwa tayari na watumiaji kama dazeni hivi akaona asiwavuruge, basi dunia nzima inaendelea kubeba mpaka leo. Na kodi za C nazo msitumiane hivyo, kibodi ya simu inapenda kuzigeuza alama za nukuu kuwa zile zilizopinda, gcc ikizikuta inasema stray '\342' in program na mtu anakesha akitafuta hiyo 342 iko wapi. Tumianeni faili kama faili.

La pili, make ya FreeBSD sio make ya Linux. Ya Linux ni ya GNU, ifeq na wenzake ni lugha ya GNU, make ya BSD ina lugha yake. Njia ya haraka:

pkg install gmake
gmake

Njia nzuri, kwa programu ndogo, ni kuandika Makefile isiyo na mbwembwe:

CFLAGS = -O2 -Wall
sala: sala.c
	$(CC) $(CFLAGS) -o sala sala.c -lm

Hii inakwenda Linux, BSD zote, Mac na Termux. Umeona sijaandika gcc, nimeandika $(CC), maana FreeBSD tangu toleo la 10 la 2014 wametulia na clang na gcc huikuti mpaka uiweke. Sijatumia pia $< kwenye kanuni ya kawaida kama hii, kwa GNU ingekubali ila kwa BSD inatoka tupu. Na ukiinstoli laibrari kwa pkg zinakaa chini ya /usr/local, ambako kompaila yao haiangalii yenyewe, kwa hiyo ukiambiwa heda (faili la .h) fulani haipo wakati umeiweka jana, ongeza -I/usr/local/include na -L/usr/local/lib.

SWALI: Baba yangu aliandika programu ya stoo ya ofisini kwao mwaka 1994, C tupu, mafaili matatu. Nimeiokoa kutoka kwenye diski. Ubuntu 24.04 inaikompaili kwa maonyo kibao, alafu ikifika kwenye kutafuta bidhaa inakufa na Segmentation fault. Fedora yangu mpya ndo haitaki hata kukompaili, implicit declaration of function. Baba anasema kwao ilikuwa inakimbia miaka. (Mtoto wa mtunza stoo, Kigamboni)

JIBU: Mpe mzee shikamoo yangu, na mwambie hasemi uongo. Zamani C ilikuruhusu kuita fanksheni bila kuitangaza, kompaila ikajisemea moyoni hii itakuwa inarudisha int. Ruhusa hiyo ilifutwa kwenye C ya 1999 lakini gcc iliendelea kuvumilia kwa onyo tu miaka yote hiyo, mpaka GCC 14 ya Mei 2024 ndo ikasema sasa basi, ni kosa (clang ilishatangulia, toleo la 16, mwaka 2023). Ubuntu 24.04 ina GCC 13, Fedora kuanzia 40 ina 14 na kuendelea, ndo tofauti uliyoiona.

Na Segmentation fault yako nadhani ni hiyo hiyo. Nabashiri faili moja lina fanksheni ya kutafuta inayorudisha char *, na faili lingine linaiita bila kuitangaza. Kompaila inadhani inarudisha int. Mashine ya biti 32 ya 1994 int na anwani zote ni baiti nne, hakuna kilichopotea, programu inakimbia miaka kweli. Mashine yako anwani ni baiti nane na int bado ni nne, nusu ya anwani inakatwa njiani, programu inakwenda kusoma sehemu ambayo sio yake na keneli inaiua. Kwa hiyo Fedora iliyokukatalia ndo iliyokutendea haki.

Dawa: tengeneza heda moja, stoo.h, orodhesha humo fanksheni zote zinazoitwa kutoka faili moja kwenda lingine, iweke #include yake kwenye mafaili yote matatu, na uongeze stdlib.h na string.h pale kompaila inapokutajia exit, strcpy na kadhalika. Ni kazi ya jioni moja. Ipo njia ya kuinyamazisha, cc -std=gnu89, inarudisha sheria za zamani na Fedora itakompaili, ila itakompaili na ugonjwa wake, kwa hiyo itumie kuangalia tu programu ikoje. Kama mzee alitumia gets, na watu wa miaka ile walitumia, weka fgets, ila kumbuka fgets inakuachia herufi ya mstari mpya mwishoni mwa neno, usipoiondoa utatafuta "sukari" huipati kwa sababu uliyoandika ni "sukari" na Enter yake.

Na wenye programu za zamani zinazokuja na ./configure (skripti inayopima mashine yako kabla ya make): kwenye GCC 14 hiyo configure yenyewe inaweza kudanganywa, vile vijiprogramu inavyojaribia ndani vimeandikwa kwa C ya kale, vinakataliwa, configure inatoka na majibu ya ajabu kwamba kompaila yako haiwezi kutengeneza programu. Fungua config.log usome, alafu anza upya na CFLAGS="-O2 -std=gnu89" ./configure.

SWALI: Kwenye seva ya chuo sina sudo. make inakubali, make install inasema Permission denied. (Mwanafunzi mwingine, Mwenge)

JIBU: Instoli nyumbani kwako: ./configure --prefix=$HOME/.local, make, make install, alafu kwenye .profile ongeza PATH="$HOME/.local/bin:$PATH" utoke uingie tena. Kama ni Makefile tu bila configure, nyingi zinakubali make PREFIX=$HOME/.local install, fungua uangalie wameiita PREFIX au prefix. Wala usimsumbue msimamizi.

SWALI: Nimeshusha sosi kodi kwenye Windows, nikaifungua kule kule nikarekebisha kidogo, nikahamishia kwenye Linux. ./configure inasema bad interpreter: /bin/sh^M. Hiyo ^M sijaiandika mimi. (Tegeta)

JIBU: Imeiandika programu uliyorekebishia. Windows inamaliza mstari kwa herufi mbili, Unix kwa moja, ile ya ziada ndo unaiona kama ^M, kwa hiyo Linux inatafuta kitu kinaitwa sh-na-Enter ambacho hakipo duniani. Wengi watakwambia sed -i, ila sed -i ya Linux na ya Mac na BSD haziandikwi sawa, hii inakwenda kote:

tr -d '\r' < configure > configure.mpya
mv configure.mpya configure
chmod +x configure

Hiyo chmod usiiruke, faili jipya halirithi ruhusa za lile la zamani, ukiiruka utaniandikia tena kuhusu Permission denied.